Gaius Marius: Jemadari aliyewafungulia mafukara mlango wa jeshi

GAIUS Marius alizaliwa takriban mwaka wa 157 Kabla ya Kristo (KK) karibu na Arpinum, mji mdogo ulioko kusini mashariki mwa Roma. Ukoo wake haukuwa umewahi kutoa konsuli, yaani mmoja wa watawala wawili waliochaguliwa kila mwaka kuongoza dola. Hata hivyo, yeye alikalia kiti hicho mara 7, idadi ambayo hakuna Mrumi aliyekuwa ameifikia.

Kwa desturi, jeshi la Roma liliandikisha raia wenye mali. Mwaka wa 107 KK, akiwa konsuli kwa mara ya kwanza, Marius alihitaji askari wa kupigana na Jugurtha, mfalme wa Numidia, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Algeria. Aliwakubali waliojitolea, hata wale wasiokuwa na chochote. Vita hivyo vilikwisha mwaka wa 105 KK, Jugurtha alipokabidhiwa kwa Sulla, msaidizi wa Marius.

Mwaka huo huo, makabila kutoka kaskazini yaliangamiza majeshi mawili ya Kirumi huko Arausio, kusini mwa Ufaransa ya leo. Kwa hofu, Warumi walimchagua Marius kuwa konsuli miaka 5 mfululizo, kuanzia 104 hadi 100 KK. Aliwazoeza askari kutembea masafa marefu wakijibebea mizigo, hata wakaitwa “nyumbu wa Marius”. Pia aliifanya sanamu ya tai kuwa nembo kuu ya kila kikosi. Aliwashinda Wateutoni mwaka wa 102 KK, na Wacimbri mwaka uliofuata.

Wanahistoria wengi siku hizi wanashikilia kwamba mageuzi mengi anayohusishwa nayo yalitokea polepole, mengine kabla yake na mengine baadaye. Lakini tatizo moja lilijitokeza wazi: askari fukara hakuwa na shamba la kurejea vita vilipokwisha, na dola haikuwa na mpango wa kudumu wa kumtunza. Tegemeo lake likawa jemadari wake.

Marius mwenyewe aliyaonja matunda ya hali hiyo. Mwaka wa 88 KK alipompokonya Sulla uongozi wa vita dhidi ya Mfalme Mithridates, Sulla aliwageuza askari wake na kuiteka Roma. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Marius alitorokea Afrika, akarejea mwaka wa 87 KK kwa umwagaji damu, na kufariki Januari 86 KK, siku chache tu baada ya kuanza muhula wake wa 7.

Mwaka wa 49 KK Julius Caesar, ambaye shangazi yake Julia alikuwa mke wa Marius, naye aliongoza jeshi dhidi ya serikali. Ni mwaka wa 6 Baada ya Kristo ambapo Mfalme Augusto alianzisha hazina maalumu ya kuwalipa askari waliostaafu. Kufikia hapo, jamhuri ilikuwa imekwishazikwa.