Kikosi, Bendi au Beni? Jina la Wapiga Ngoma wa Marekani na Fedha Wanazolipa

Muhula uliopita tulipewa zoezi la kutafsiri makala fupi kuhusu makundi ya vijana wa Marekani wanaopiga ngoma na tarumbeta huku wakipiga gwaride kwenye viwanja vya mpira. Tulidhani tungemaliza kwa saa mbili. Tukakwama kwenye mambo mawili: kundi lenyewe liitweje, na fedha ambazo kila kijana hulipa ili asafiri nalo ziitweje. Wengi waliandika "bendi" na "ada ya uanachama", wakafunga daftari. Mimi sikuridhika. Naona majina haya hayaamuliwi na kamusi peke yake. Yanaamuliwa na historia ya makundi hayo, na jibu linalofaa kwa mwaka 1950 halifai kwa leo.

Nianze na jina la kundi. "Bendi" ndilo neno jepesi, lakini ndilo wenyewe wanalolikataa. Katika makundi hayo hakuna filimbi, klarineti wala saksafoni. Kuna ngoma, ala za shaba na vijana wanaorusha bendera. Asili yake ni jeshini, ambako ngoma na buruji zilitumika kutoa amri kabla hazijawa burudani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari waliorudi nyumbani waliunda vyama vyao, kikiwemo American Legion kilichoanzishwa mwaka 1919, na matawi ya vyama hivyo yakafadhili makundi ya wapiga ngoma mitaani. Makanisa na vikundi vya skauti navyo vikafanya hivyo. Kwa hiyo "kikosi" ni neno linalobeba asili hiyo, na sare, safu na nidhamu ya makundi hayo mpaka leo vinalithibitisha.

Tatizo ni neno linalofuata. Ukisema "kikosi cha ngoma", Mswahili ataona wachezaji wa sindimba, kwa sababu kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima ya usiku kucha. (Kwetu Burundi mambo ni makubwa zaidi: ingoma ni ngoma na pia ni ufalme.) Ndiyo maana napendekeza "kikosi cha ngoma na buruji". Neno buruji linaondoa picha ya sindimba mara moja. Mwenzangu mmoja alipinga akisema tangu mwaka 2000 kanuni zao zinaruhusu tarumbeta za kawaida, na buruji halisi, zile za sauti ya G, zimeachwa na makundi makubwa. Ni kweli. Lakini wenyewe wameendelea kujiita kwa jina la zamani, na mfasiri hana mamlaka ya kuwabadilishia jina wasilolibadilisha wao.

Kulikuwa na pendekezo la tatu, na nakiri lilinivuta: "beni". Beni ilianza pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, watu wa miji wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu, na Terence Ranger ameandika historia yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Kulikuwa na gwaride, sare, vyeo vya kijeshi, na ushindani mkali kati ya pande mbili za mji mmoja. Huko Tanganyika pande hizo ziliitwa Marini na Arinoti. Anayezisoma habari hizo kisha akatazama vijana wa Marekani wakishindana uwanjani atahisi wamefanana. Hata hivyo beni ni jina la kitu mahususi chenye wenyewe. Kuwapa Wamarekani jina hilo ni kufuta historia mbili kwa kalamu moja. Nimeikataa beni kama jina, lakini inanifaa sana kwenye swali la pili, la fedha.

Zamani swali hilo halikuwa na uzito. Tawi la askari wastaafu au parokia ilinunua ngoma na kushona sare, kijana wa mtaa akaja na miguu yake. Mashindano mengi yalikuwa karibu na nyumbani. Kama alitoa chochote, "mchango" lingetosha. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1971, pale vikosi vitano, yaani Blue Stars, Cavaliers, Madison Scouts, Santa Clara Vanguard na Troopers, vilipoungana kudai sauti katika kanuni na malipo ya maonyesho, ambavyo mpaka hapo vilishikwa na vyama vya wastaafu. Mwaka 1972 shirika jipya, Drum Corps International, lilifanya mashindano yake ya kwanza ya ubingwa huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakashinda.

Vikosi vilipata uhuru, na uhuru huo ulikuja na gharama. Kushindana kitaifa maana yake ni kuzunguka nchi kiangazi chote: mabasi, malori ya jikoni, walimu wa kulipwa, kulala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule. Vikosi vilivyokuwa mamia vikapungua mpaka vikabaki makumi. Vilivyobaki vilikua, vingine vikiwa na vijana zaidi ya 150, na gharama ikahamia mabegani mwa vijana wenyewe na wazazi wao. Leo kijana hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja, na hapokei mshahara ingawa watazamaji wamenunua tiketi.

Fedha hizo wenyewe wanaziita kwa majina tofauti. Wengine hutumia neno la vyama, wengine husema malipo ya ziara, wengine neno lile lile linalotumika vyuoni. Wenzangu walioandika "ada ya uanachama" walifuata neno la kwanza. Hapa ndipo ninapopinga. Kwa Kiswahili, aliyelipa ada ya uanachama, iwe ya ushirika au ya chama cha siasa, ana kadi, ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Katika beni za Tanganyika wanachama walisaidiana hata kwenye maziko. Chama kilikuwa chao. Kikosi cha Marekani cha leo kwa kawaida ni shirika lisilo la faida linaloongozwa na bodi. Kijana analipa, anafundishwa, anapiga, na akikaribia miaka 22 anaondoka. Hakuna mkutano mkuu unaomsubiri. Kumwita mwanachama aliyelipa ada yake ni kumpa kwa tafsiri haki ambayo hana.

Nikaandika "karo". Upinzani ulikuja upesi. Mwanafunzi kutoka Tanzania alisema kwao shule hutoza ada, na karo ni neno la Wakenya. Sisi wa Burundi tunasema minervali, kwa hiyo hatukuwa na la kuchangia. Mwingine aliuliza swali gumu zaidi: karo ya nini, ikiwa mwisho wa msimu hakuna cheti? Nilimjibu kwamba kuna walimu, kuna ratiba, kuna usaili wa kuingia, na anayelipa hana kura. Alisema hiyo ni nusu ya shule tu, maana mwanafunzi hauziwi tiketi ya kutazamwa. Hapo alinishinda kidogo. Katika nakala ya mwisho niliandika "mchango" kwenye aya za miaka ya 1950 na "karo ya msimu" kwenye aya za leo, nikaongeza sentensi moja kwamba watazamaji nao hulipa. Mhadhiri aliizungushia sentensi hiyo wino mwekundu: haimo kwenye makala ya asili.