Uvimbe wa uti wa mgongo baada ya tiba ya mionzi utotoni

Tiba ya mionzi imeokoa watoto wengi wenye saratani ya figo, lakini miale inayolenga tumbo huzigusa pia pingili za mgongo ambazo bado zinakua. Athari zake huweza kujitokeza baada ya miaka 10, hata 20 na zaidi.

Mara nyingi uvimbe huo si saratani, bali ni kinundu cha mfupa chenye kofia ya gegedu. Kwa nadra huwa saratani ya mfupa, na upasuaji wake mgongoni ni mgumu mno. Mwaka 1948 Cahan na wenzake, huko Marekani, walieleza vigezo vya kuitambua: itokee palipopigwa mionzi, iwe ya aina nyingine na ile ya kwanza, na miaka kadhaa iwe imepita.

Kwa wakazi wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mojawapo ya hospitali za rufaa za kanda ni Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa; Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Kwa umbali huo, cheti cha matibabu ya utotoni hupotea kwa urahisi. Kijana anayeumwa mgongo usiku, au kufa ganzi miguuni, daktari asipoambiwa habari ya mionzi, huweza kudhaniwa ana kifua kikuu cha mifupa, maradhi yaliyozoeleka zaidi.