Bruce Heyman

Bruce Heyman (amezaliwa 1958) ni mwanabenki wa Marekani aliyekuwa balozi wa nchi yake nchini Kanada kuanzia 2014 hadi Januari 2017. Alisoma Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kisha mwaka 1980 akaingia benki ya Goldman Sachs na kudumu humo miaka 33, akisimamia mali za matajiri mjini Chicago. Diplomasia hakuwahi kuifanya. Yeye na mkewe Vicki walimchangishia Rais Barack Obama fedha za kampeni, naye akamteua kuwa balozi; nchini Marekani uteuzi wa namna hiyo ni jambo la kawaida. Mjini Ottawa, mji mkuu wa Kanada, mradi wa bomba la Keystone XL la kupeleka mafuta ya Kanada nchini Marekani ukamtilia kitumbua mchanga: serikali ya Waziri Mkuu wa Kanada Stephen Harper ililitaka bomba hilo, Obama akasitasita, na Novemba 2015 akalikataa. Wakati huo Justin Trudeau alikuwa ameshika madaraka badala ya Harper, na uhusiano wa nchi hizo mbili ukachangamka. Mwaka 2019 Heyman na Vicki walitoa kitabu kuhusu miaka yao nchini Kanada.