Operesheni Tokomeza: Nani huwajibika askari wanapoua wanakijiji?

DESEMBA 20, 2013, mawaziri wanne wa Serikali ya Awamu ya Nne waliondoka madarakani kwa mkupuo, kutokana na vifo na mateso ya raia vijijini wakati wa Operesheni Tokomeza Ujangili.

Operesheni hiyo ilianza Oktoba mwaka huo, ikiwashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, kwa lengo la kuwaokoa tembo. Novemba 1, kufuatia malalamiko ya wabunge, Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alitangaza kuisitisha.

Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya James Lembeli, ilichunguza na kulieleza Bunge kuhusu vifo vya raia 13, ubakaji, mateso na mifugo kuuawa. Kagasheki alijiuzulu papo hapo bungeni. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatangaza kwamba Rais Jakaya Kikwete ametengua uteuzi wa Emmanuel Nchimbi (Mambo ya Ndani), Shamsi Vuai Nahodha (Ulinzi) na Dk. Mathayo David Mathayo (Mifugo).

Msingi wa hatua hiyo ni Ibara ya 53 ya Katiba, inayowataka mawaziri kuwajibika kwa pamoja bungeni. Waziri hung'oka hata kama hakuwahi kushika bunduki.

Lakini hapo kinachopotea ni kiti tu. Mauaji ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na sare si kinga. Aliyefyatua risasi ni nani, na kwa amri ya nani? Swali hilo ni la wapelelezi, Mkurugenzi wa Mashtaka na mahakama. Mwaka 2014 Rais Kikwete aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi, nayo ikamkabidhi ripoti mwaka 2015.

Utamaduni huu una historia. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye hakuwagusa. Mwaka 1985 akawa Rais. Nchimbi naye aliapishwa kuwa Makamu wa Rais mwaka 2025. Kuwajibika, basi, si kuzikwa kisiasa, jambo ambalo wakubwa wengi wanaong'ang'ania ofisi hawaelekei kuliamini.

Kwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, suala hili haliko mbali, kwani askari wa uhifadhi nchini sasa wako katika mfumo wa jeshi usu. Mwanakijiji mwenye malalamiko dhidi yao anaweza kwenda polisi, mahakamani, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo huchunguza na kupendekeza. Haina mamlaka ya kuhukumu.