Nani apite Nyangwe?

Kwa muda wa kizazi kizima, mgeni aliyetoka pwani akitaka kuuvuka mto Lualaba ilimbidi kwanza akubaliwe na watu wachache waliokaa Nyangwe, ukingo wa mashariki. Njia ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kwa dau, kisha ikashika Kabambare na Kasongo. Ikifika mtoni, ikakoma. Ng'ambo kulikuwa na pembe za ndovu tele, na misafara ya Nyangwe yenyewe ilikwenda huko na kurudi. Njia ilikoma kwa wageni tu.

Kituo hicho kiliwekwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili miaka ya 1860, na mkubwa wao akawa Mwinyi Dugumbi, mtu wa Mrima. Bunduki walikuwa nazo. Mitumbwi haikuwa yao. Ilikuwa ya Wagenia, watu wa mto. Kwa hiyo kumzuia mgeni hakukuhitaji vita. Ilitosha kuwaambia Wagenia neno moja baya juu yake.

Ndivyo alivyofanyiwa mpelelezi Mwingereza David Livingstone. Alifika mwishoni mwa Machi 1871, baada ya kulala miezi mingi Kabambare na vidonda vya miguu. Alitaka mtumbwi ateremke na mto, ajue kama ni Naili. Miezi ikapita, mtumbwi haukupatikana. Shajara yake inasimulia alichogundua: wenyeji walikuwa wameambiwa kwamba mzungu huyu hataki watumwa wala pembe, anataka mtumbwi akawaue. Alimwahidi Dugumbi pauni 400 ampe watu kumi wa safari. Hakuwapata.

Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu watatu wa Dugumbi waliingia sokoni na bunduki. Mmoja akabishana na muuzaji bei ya kuku. Risasi zikaanza, na wengine waliokuwa karibu na kijito zilikofungwa mitumbwi wakafyatua pia. Wengi sokoni walikuwa wanawake. Mitumbwi ilibanana mdomoni mwa kijito, makasia yakasahaulika, watu wakajitupa majini wakiogelea kukielekea kisiwa kilichokuwa mbali. Livingstone alikuwa akivitazama vichwa vikizama kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye alianza kurudi Ujiji, safari ya magharibi ikiwa imekufa, na huko ndiko mwandishi wa habari Stanley alikomkuta. Barua zake zikafika London, zikawachochea Waingereza kumbana Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, na mwezi Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Nyangwe ilijua kumzuia mtu asipite mbele. Kumbe habari zinazorudi nyuma haikuweza kuzizuia.

Mwaka 1874 akaja mpelelezi mwingine Mwingereza, Verney Lovett Cameron. Alipima mwinuko wa Nyangwe akaona uko chini ya Gondokoro kwenye Naili, basi Lualaba hauwezi kuwa Naili. Hesabu nzuri, ila haikumpa mtumbwi. Wagenia walimwambia watauza kwa watumwa tu, malipo ambayo yeye alikataa kuyatoa. Aliyemtoa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara aliyejulikana kama Tippu Tip, ambaye alimchukua akamwonyesha njia ya kusini. Cameron akafika Atlantiki mwaka 1875 bila kuufuata mto.

Wanaojenga mitandao ya kompyuta wanaijua kazi ya Nyangwe. Tangu itifaki ya OSPF, yaani kanuni za mashine kuambizana njia za data, ilipotolewa mwaka 1989, mtandao mkubwa hugawanywa maeneo, na mpakani hukaa ruta, mashine ya kuelekeza data, inayoamua njia zipi za nje zitangazwe ndani. Yako maeneo yasiyotangaziwa hata moja. Ruta zake huambiwa tu kwamba chochote kisicho cha hapa kipelekwe kwa yule wa mpakani. Mwaka 1994 ikaongezwa aina nyingine: eneo linaloweza kuwatangazia wengine njia za nje lilizozipata lenyewe, huku likikataa kupokea za wenzake. Hiyo ndiyo Nyangwe hasa. Tofauti ni kwamba mhandisi hufanya hivyo kuzipunguzia mzigo ruta ndogo, na wafanyabiashara wa Nyangwe walifanya hivyo ili bei ya pembe ibaki mikononi mwao.

Turudi mtoni. Stanley alijua yaliyowapata wenzake wawili, Livingstone na Cameron. Alipofika Oktoba 1876 alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande tangu pwani, na aliandika kwamba alimwahidi Tippu Tip dola 5,000 amsindikize kwa vituo 60. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba, wakaachana mwishoni mwa Desemba. Agosti 1877 Stanley alikuwa Boma, karibu na mdomo wa mto. Dola hizo, kwa maoni yangu, zilinunua mwisho wa Nyangwe, na aliyeiuza hakujua. Sasa ilijulikana kwamba mto ule ulioonekana kuwa ukuta ni njia iendayo baharini, upande ambao watu wa Nyangwe hawakuwa nao.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1887 Tippu Tip mwenyewe alikubali kuwa liwali wa Dola Huru ya Kongo huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mwaka 1890 akaondoka kwenda Zanzibar, wala hakurudi tena. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye dola hiyo, aliamuru pembe na mpira vikusanywe kwa ajili yake. Ngongo Lutete, aliyewalindia Waarabu upande wa mto Lomami, akahamia kwa Wabelgiji mwaka 1892. Askari wa Dhanis, kamanda wa Dola Huru, wakapiga kambi ukingo wa magharibi, wakitazamana na mji ng'ambo, bila chombo cha kuvukia. Ikabidi nao wabembeleze Wagenia. Safari hii mitumbwi ilikuja, na tarehe 4 Machi 1893 Nyangwe ikaanguka. Kasongo ikafuata mwezi Aprili.

Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipokamilika, karibu mwaka 1910, ilipitishwa ukingo wa magharibi, kwa njia ya Kibombo. Pembe za Maniema, nchi ya Nyangwe, zikawa zinateremka na mto kwenda kuuzwa mnadani Antwerp.