Mafunzo Kazini ya Lishe: Mahali Pake ni Kliniki

Maarifa ya lishe huchakaa, na mfano ulio wazi ni ushauri uliotolewa kwa mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Afya Duniani liliwashauri wasinyonyeshe kabisa iwapo wangeweza kupata na kumudu maziwa mbadala yaliyo salama. Mwaka 2010 ushauri uligeuka: pale nchi ilipochagua njia ya kunyonyesha kwa kinga ya dawa za kufubaza virusi, mama anyonyeshe hadi mtoto atimize miezi 12. Mwaka 2016 akaruhusiwa kuendelea hadi miezi 24 au zaidi. Muuguzi aliyehitimu mwaka 2001 na asiyesoma tena anaweza kumwachisha mtoto ziwa kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo umuhimu wa mafunzo haubishaniwi. Linalobishaniwa ni yatolewe wapi na kwa namna gani. Tumezoea semina za mjini, ambazo mhudumu hurudi nazo na cheti na kabrasha. Mapitio ya Alexander Rowe na wenzake kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2018, yaligundua kwamba mafunzo peke yake huinua utendaji kwa kiasi cha wastani tu. Yakiunganishwa na usimamizi, manufaa huongezeka. Na wahudumu wakikaa pamoja kutatua matatizo ya kituo chao, huongezeka zaidi. Kwa lishe hili lina mantiki, kwani sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni ya mikono. Utepe wa kupima mzingo wa mkono huzungushwa katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia. Ukikazwa mno, mtoto mzima huonekana mgonjwa; ukilegezwa, mwenye sentimita 11.4, aliye chini ya kikomo cha 11.5 cha utapiamlo mkali, hurudishwa nyumbani bila matibabu. Kosa hilo halionekani ukumbini. Huonekana na msimamizi aliyesimama kando ya mpimaji.

Wapo wasemao kazi hii ni ya afisa lishe. Lakini mama hakutani naye kila mwezi. Hukutana na muuguzi wa zahanati. Wengine husema tatizo ni umaskini, na elimu haijazi chungu. Pingamizi hili ni zito, na kwa kaya nyingi ni la kweli. Hata hivyo, utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30 kitaifa, ilhali Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, ulivuka nusu ya watoto. Huko mama anahitaji kuelezwa namna ya kuongeza dagaa, maharage au karanga kwenye uji wa mtoto wa miezi saba, na anayemweleza awe anajua kinachopatikana sokoni msimu huo. Uchache wa watumishi nao unaunga mkono hoja hii: semina humwondoa muuguzi kituoni kwa siku kadhaa, na zahanati yenye wauguzi wawili haiwezi kumudu pengo hilo. Fedha za posho na ukumbi zingetosha kumlipia msimamizi mafuta ya pikipiki, akirudi kituoni kila robo mwaka kuona kama utepe unashikwa sawasawa.