Binti wa Kilifi katika Nchi ya Theluji

Msomaji, ikiwa umepata kufika Kilifi, waijua hori yake: maji ya bahari yameingia ndani ya nchi baina ya magenge, na juu yake limepita daraja lililofunguliwa mwaka 1991 mahali pa kivuko cha zamani. Watu wa huko wana habari za kusi na kaskazi, za minazi, mikorosho na samaki. Theluji hawana habari nayo, ila kwa yale waliyosoma shuleni juu ya kilele cha Mlima Kenya. Huenda basi ukastaajabu kusikia ya kwamba mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi alizaliwa Kilifi. Jina lake ni Sabrina Wanjiku Simader, naye alizaliwa mwezi wa Aprili, 1998.

Miezi miwili kabla ya kuzaliwa kwake, Kenya ilikuwa imetia mguu katika theluji kwa mara ya kwanza. Katika michezo ya Nagano, Japani, Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za mita 800, alishindana katika mwendo wa kilomita 10 kwa skii, yaani zile mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Alikuwa wa mwisho katika wote waliomaliza, yapata dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Lakini Dæhlie hakuondoka; alimngoja hata akafika, akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Habari hiyo ilienea duniani kote, na kwa kweli ni nzuri. Walakini iliwazoesha watu kumtazama Mwafrika aliye katika theluji kwa huruma na kicheko chema, kana kwamba kufika tu kwamtosha.

Simader hakutaka kutazamwa hivyo, naye alikuwa na sababu. Alikuwa na umri wa miaka mitatu alipochukuliwa na mama yake kwenda Austria, na huko baba yake wa kambo, aliyekuwa na lifti ya kuwapandisha watu mlimani, alimvalisha skii angali mtoto mdogo. Kwake yeye theluji haikuwa ajabu, kama vile bahari isivyo ajabu kwa mtoto wa Mnarani.

Tena mchezo wake si ule wa Boit. Boit alikwenda mwendo mrefu kwa nguvu za mapafu na miguu, jambo ambalo mkimbiaji aweza kulielewa. Simader alikuwa akiteremka mlimani kwa kasi, akipita baina ya miti iliyosimikwa huku na huku, na akikosa mlango mmoja tu ametoka katika mashindano. Katika mbio ziitwazo supa-ji mwendo waweza kupita kilomita 100 kwa saa. Wala mchezaji hapewi nafasi ya kuijaribu njia: asubuhi ya siku ile huikagua polepole kwa macho, akaishika moyoni, kisha hushuka mara moja, basi.

Mwaka 2016 alishindana katika Olimpiki ya vijana huko Lillehammer, Norwei, na mwaka uliofuata katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko St. Moritz, Uswisi. Tarehe 9 Februari 2018 aliibeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa michezo ya Pyeongchang, Korea Kusini. Nyuma yake hapakuwa na mchezaji mwingine wa Kenya. Alikuwa peke yake, msichana wa miaka 19. Siku nane baadaye ilikuwa supa-ji. Ester Ledecká wa Ucheki alimshinda Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, hata mwenyewe hakusadiki. Simader hakuwa karibu na hao, lakini alifika chini, na wakati wake ukaandikwa pamoja na jina la Kenya.

Labda utauliza: je, hakuichagua Kenya kwa kuwa mlango wake ni mwepesi? Nami sitakataa ya kwamba mlango wa Austria ulikuwa mwembamba mno. Nchi moja hairuhusiwi kuleta zaidi ya wachezaji wanne katika kila shindano la namna hiyo, na Austria ina mabingwa tele. Lakini hebu fikiri gharama ya mlango huo wa pili. Mwaustria aliyechaguliwa ana mwalimu, ana tabibu, ana mtu wa kupaka nta chini ya skii zake usiku angali amelala. Mchezaji wa nchi isiyo na theluji hana budi kuvitafuta vyote hivyo mwenyewe, pamoja na nauli, mwaka hata mwaka, kwa fedha za jamaa na za wafadhili. Na nchi ambayo medali zake karibu zote zimeletwa na wakimbiaji haikumbuki upesi kumwulizia mtu aliye peke yake katika milima ya ugenini.

Miaka minne ikapita. Michezo ilipofanywa Beijing mwaka 2022, hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa Kenya.